Kuta Zinazotoa Jasho

Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta msafiri Livingstone pale Ujiji, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Kigoma, Novemba 1871, dunia nzima ilitaka kujua waliambiana nini. Anayejenga nyumba Kigoma ana swali lenye faida zaidi: walikaa wapi? Stanley mwenyewe amelieleza. Walikaa barazani, juu ya kitako cha udongo chini ya upenu mpana wa tembe. Mahali pa Livingstone palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka ngozi ya mbuzi. Ngozi nyingine ilipigiliwa misumari ukutani ili mgongo wake usigusane na udongo wenye baridi.

Hiyo ngozi ya pili haikuwa pambo. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji tarehe 23 Oktoba kutoka Manyema, amekonda na mgonjwa, na msimu wa mvua ulikuwa umeshaanza. Ukuta mnene wa udongo katika msimu huo hunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani, na anayeuegemea huinuka na shati bichi. Aliyeipigilia ile ngozi, awe Livingstone au mmoja wa watu wake, alikuwa ameelewa jambo ambalo wengi tunaofunga viyoyozi Buzebazeba, hapa Kigoma, leo bado tunalipapasa: adui mkubwa wa nyumba ya mwambao huu si joto.

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Kigoma haina joto la Dar es Salaam. Usiku wa Julai watu hujifunika blanketi. Lakini ziwa hilo, lenye kina cha mita 1,470 pale palipo chini kabisa, lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji linayoyapoteza haipitii huko. Hupanda hewani. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei mvua nayo inaongeza yake. Mvuke huo ndio unaoingia madirishani Ujiji, Kibirizi na Bangwe. Ndio unaofanya chumvi iloe ndani ya kopo, viatu vya ngozi viote ukungu uvunguni, na cheti cha darasa la saba kilichotundikwa sebuleni kijikunje ndani ya fremu yake.

Wasafiri Richard Burton na John Speke waliufikia mwambao huu Februari 1858, wakapata makazi katika tembe lililojengwa na mfanyabiashara Mwarabu pale Kawele. Burton, mtu asiyeishiwa malalamiko, aliandika kwamba hali ya ubaridi na unyevu wa nchi ya ziwa haikuwafaa mwanzoni, kisha akakiri kwamba huenda samaki na mboga walizokula kupita kiasi zilichangia. Kuhusu unyevu namwamini. Tembe ni nyumba ya nchi kavu. Kwao ni Ugogo na Unyamwezi, ambako paa bapa la miti lililokandikwa udongo hukaa miezi mingi bila kuona tone. Watu wa misafara waliubeba ujenzi huo kichwani kutoka Tabora, wakaja kuusimamisha mahali ambapo maji ya mvua hulala juu ya paa. Wenyeji walikuwa na jibu lao: msonge wa nyasi wenye mteremko mkali, na moto ndani. Moshi ulipenya kwenye nyasi, ukalikausha paa na kufukuza wadudu. Na hewa ikishapashwa moto huweza kubeba maji mengi zaidi kabla ya kuyatua juu ya vitu. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikisafirishwa hadi ng'ambo ya ziwa, ni bidhaa inayonyonya sana maji hewani, na mpaka leo mama mwenye akili huiweka karibu na jiko.

Hata hivyo tusilionee tembe. Paa lake halikufaa huku, ila ukuta wake ulifanya kazi ambayo saruji haiiwezi. Udongo mbichi hunyonya mvuke hewa ya chumbani inapolowa, na huurudisha taratibu hewa inapokauka, kwa hiyo unyevu wa ndani haupandi wala kushuka kwa pupa. Baraza nalo lilizuia mvua isiupige ukuta moja kwa moja. Shida ilikuwa ya mwenye kuegemea. Hapo ndipo ngozi ya mbuzi ilipohitajika.

Kilichoumia zaidi katika safari zile ni karatasi. Miezi michache kabla ya kurudi Ujiji, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ameishiwa daftari na wino. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akawa anaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akiyakatiza, kwa wino uliotokana na matunda ya mmea wa huko. Habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliziandika namna hiyo. Wino ulififia, karatasi ikachakaa, na kwa zaidi ya miaka mia moja sehemu kubwa ya shajara hiyo haikusomeka kwa macho. Ilibidi isubiri wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waipige picha kwa miale ya rangi mbalimbali, na Novemba 2011 ikachapishwa kama ilivyoandikwa. Imehifadhiwa Blantyre, Scotland, mji alikozaliwa mwandishi wake.

Karatasi ndiyo iliyoleta kiyoyozi duniani. Jambo hili husahaulika, na likikumbukwa linabadilisha namna ya kuitazama mashine yenyewe. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, Brooklyn, New York, kilikuwa kikichapa picha za rangi. Kila rangi ilipita kwa zamu yake juu ya karatasi ileile. Siku za unyevu karatasi ilivimba kidogo kati ya rangi moja na nyingine, siku za ukavu ikasinyaa, na picha ikatoka rangi zimeachana, midomo ya mtu iko shavuni. Kijana wa miaka 25, Willis Carrier, aliyekuwa akilipwa dola 10 kwa wiki, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902. Ilihusu kupitisha hewa kwenye mabomba yenye baridi ili maji yaliyomo yajitenge, na kiasi cha unyevu ndani ya kiwanda kibaki asilimia 55. Hakuna mtu aliyemwomba awapoze wafanyakazi. Ubaridi ulikuja kama nyongeza.

Mwisho wa mwaka huohuo, akisubiri treni usiku wa ukungu kwenye jukwaa la stesheni ya Pittsburgh, Carrier aliona kile ambacho mvuvi yeyote wa Kibirizi amekiona alfajiri: hewa iliyojaa maji mpaka ikayaacha yaonekane. Ukungu ule ulikuwa umebeba maji yote ambayo hewa ya baridi kiasi kile ingeweza kubeba, wala si tone zaidi. Akifaulu kuishusha hewa hadi kiwango fulani cha ubaridi, alifikiri, atajua kwa hakika imebaki na maji kiasi gani, kisha ataweza kuipasha tena ikiwa kavu. Mwaka 1911 aliwasilisha kanuni zake mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, na mafundi wa leo bado wanazitumia, wengi bila kumjua mwenyewe.

Habari hizo hazikufika Kigoma. Kigoma ilikuwa ikipokea chuma. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani Februari 1914, na nyuma yake ikaja meli nzima iliyofunguliwa vipande vipande huko Papenburg, Ujerumani, na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata vita viliwaelemea Wajerumani, na tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliopewa kazi hiyo, akiwamo Anton Rüter aliyekuja nayo kutoka Papenburg, waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali mkono ulipofika.

Napenda kufikiria asubuhi ile ya grisi. Fundi wa meli alijua kwamba chuma hakiogopi maji peke yake. Kutu inahitaji maji na hewa pamoja, na chuma kinachokaa kwenye hewa yenye unyevu, kikiloa alfajiri na kukauka mchana, huliwa haraka kuliko kilicho chini kabisa ya ziwa. Grisi iliyakatia njia yote mawili. Wabelgiji waliiinua meli hiyo, ikazama tena. Machi 1924 Waingereza waliiinua kwa mara ya pili, na mitambo ikakutwa katika hali ya kutengenezeka. Ilirudi kazini Mei 1927 ikiitwa Liemba. Kama ingeachwa ufukweni miaka ile yote bila grisi, sidhani kama kungekuwa na meli ya kubadilishwa jina.

Majengo ya Wajerumani yalifuata busara iliyokuwa imekwisha jaribiwa pwani: kuta nene, dari ya juu, matao na baraza pana, upepo ukipita huku na huku. Waingereza waliendeleza. Mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu chao cha ujenzi wa nchi za joto lenye unyevu, na wazo lake kubwa lilikuwa jumba jembamba, la upana wa chumba kimoja, lililogeuziwa upepo. Wao walifanyia kazi Afrika Magharibi, lakini mawazo ya namna hiyo yalitapakaa makoloni mengi na kuingia katika shule, zahanati na ofisi za serikali hadi baada ya uhuru. Madirisha ya luva za vioo, matofali ya matundu juu ya milango, wavu wa mbu: hayo yote yalikuwa na kazi moja, kuhakikisha nyumba haifungiki.

Na ilikuwa sahihi. Upepo hauwezi kuukausha mvuke wa nje, lakini huzuia chumba kisijilimbikizie cha watu, cha sufuria na cha nguo zinazoanikwa ndani. Udhaifu uliingia kupitia paa. Mabati yalipochukua nafasi ya nyasi, yalikuja na tabia ambayo kila aliyelala bila dari anaijua. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke wa pumzi na wa ziwa hugeuka maji upande wa ndani, na alfajiri matone huanza kuanguka kwenye chandarua ilhali nje hakuna mvua. Moto nao ulikuwa umeshatolewa ndani ya nyumba ukapelekwa jikoni uani, kwa faida kubwa ya mapafu, na hapakuwa na kitu kilichowekwa mahali pake.

Mwaka 1960, tarehe 14 Julai, boti kutoka Kigoma ilimteremsha Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, kwenye msitu wa Gombe kando ya ziwa. Hadithi ya sokwe inajulikana. Ya makaratasi haijulikani sana. Kazi ile ilizalisha maandishi ya mkono siku baada ya siku, na baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara Mei 1975 na watafiti wageni kuondoka, Watanzania wa Gombe ndio walioendelea kujaza fomu na kuandika kwa Kiswahili kila alichofanya sokwe tangu alipoamka. Marundo yalikua. Hakuna mtu anayejenga ghala la nyaraka kwenye bonde la msitu kando ya ziwa na kutarajia likae kavu. Kuanzia miaka ya 1990 Anne Pusey, aliyewahi kuwa mtafiti Gombe, alisimamia kuzihamishia Chuo Kikuu cha Minnesota, zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta, na baadaye zikapelekwa Chuo Kikuu cha Duke. Kiswahili cha watu wa Kigoma, kilichoandikwa juu ya sokwe wa Kigoma, kimehifadhiwa Marekani, nchi ya Carrier. Inauma kidogo, lakini ukiwahi kufungua faili la miaka kumi katika ofisi ya huku, ukakuta pini za stepla zimeota kutu na kuitoboa karatasi, huwezi kumlaumu aliyefanya uamuzi huo.

Kwa miongo mingi umeme wa mji ulitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, na kiyoyozi kilikuwa kitu cha benki, hoteli na chumba cha bosi. Mwaka 2022 Kigoma ilianza kupokea umeme wa gridi ya taifa. Hapo viyoyozi vikashuka mitaani. Ukipita Buzebazeba sasa, kata ya watu wa kawaida kabisa kati ya Mwanga na Ujiji mkongwe, utaviona vimening'inia nyuma ya duka la simu, saluni, duka la dawa, nyumba ya kulala wageni. Chini ya kila kimoja kuna doa la kijani ukutani ambapo maji yanayotoka kwenye bomba lake hutiririkia.

Doa hilo ni mali, sio uchafu. Chumba cha mita nne kwa nne chenye kimo cha mita tatu, hewa ikiwa nyuzi 26 na unyevu asilimia 80, kina karibu lita moja ya maji yanayoelea ndani yake bila kuonekana. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 22 au chini ya hapo, maji hutua, kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndani ya kiyoyozi kuna koili yenye baridi kuliko hapo. Hewa inapita, inaacha maji, maji yanadondokea kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Mashine inayotoa maji inafanya kazi aliyoichora Carrier.

Tatizo ni kwamba tunanunua baridi. Mwenye duka hutaka mashine kubwa ili chumba kipoe upesi, nayo kweli inapoza upesi: dakika chache, kipimo kimefika, kompresa inazima. Maji ya kutosha bado hayajatoka. Feni ya ndani inaendelea kuvuma juu ya koili iliyolowa na kuyarudisha chumbani yale machache yaliyonaswa. Mtu anahisi baridi na unyevu kwa wakati mmoja, anashusha remoti hadi 18, na ukuta nao unapoa. Juu yake kuna matofali ya matundu ya mtindo ule wa Fry na Drew, yanayoingiza hewa ya ziwa saa zote. Hewa ya nyuzi 26 inakutana na ukuta wa nyuzi 20, na ukuta unatoa jasho. Sogeza kabati lililoegemezwa hapo, utakuta ramani nyeusi ya kuvu kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Nyumba iliyojengwa isifungike imewekewa mashine inayodai ifungwe, na zote mbili zinashindwa.

Fundi mmoja wa majokofu anayefanya kazi mitaa hiyo ana namna yake ya kubishana. Anaweka ndoo chini ya bomba. Nilimkuta mchana wa mvua ya Machi akiwa na mwenye duka moja la simu, wameinamia ndoo iliyokuwa na maji yasiyofika hata robo.

“Mzee wangu, hii mashine yako ni ya BTU 24,000,” fundi alisema. “Chumba hiki ya 9,000 inakitosha. Ingekaa inanguruma mchana kutwa, lakini ndoo hii ungekuwa umeshaimwaga.”

“Hiyo ndogo si itachoka?”

“Haichoki. Kubwa ndiyo inayochoka kwa kuwaka na kuzima.”

Kurudisha haikuwezekana, kwa kuwa ilinunuliwa kwa bei ya punguzo na risiti ilisema hivyo. Fundi akaorodhesha kinachoweza kufanyika. Matundu ya juu yazibwe kwa saruji, kwa kuwa chumba sasa ni cha mashine, si cha upepo. Raba iwekwe chini ya mlango. Rafu za simu zisogezwe kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Chujio lioshwe kila mwezi. Remoti iwekwe kwenye alama ya tone la maji, ambapo feni inakwenda polepole na koili inapata muda wa kukamua hewa, na kipimo kisishuke chini ya 25. Rangi ya mafuta iliyopakwa ndani ikwanguliwe, ipakwe chokaa, ili ukuta uweze kupumua kidogo.

Mwenye duka alikubali raba, saruji na chujio. Chokaa aliikataa kwa sababu ingechafua nguo za wateja. Alilipa, akamshukuru fundi, akachukua remoti iliyokuwa juu ya kaunta, na kabla hatujafika mlangoni alishairudisha 18.